Kaunti hutuletea jezi na kombe tu: idara ya michezo inapaswa kumfanyia nini mwananchi wa kawaida?

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninaifundisha kwa kujitolea timu ya kandanda ya wasichana katika wadi moja ya Pwani ya Kenya. Tunatumia uwanja wa shule ya msingi. Kila mwaka idara ya michezo ya kaunti hutuletea jezi na mipira miwili, huandaa mashindano ya kombe kwa wiki mbili, kisha hatuioni tena hadi mwaka unaofuata. Wasichana wangu wakishafika umri wa miaka 13 au 14 huacha mmoja mmoja. Binamu yangu aliyehamia Melbourne, Australia, ananiambia kwamba kule serikali ya jimbo ina idara ambayo kazi yake ni kuwawezesha watu wa kawaida kucheza, wala si kusaka medali. Idara ya namna hiyo hufanya nini hasa, na je, kuna lolote tunaloweza kuidai kaunti yetu?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Nitaanza na jibu lenyewe, halafu nitaeleza nilikolitoa. Idara ya michezo inayoijua kazi yake haimchezeshi mtu. Hutafuta kile kinachomzuia mtu kufika uwanjani, au kinachomfanya akifika mara moja asirudi tena, kisha hukiondoa. Hamu ya kucheza watu wanayo tayari, na mtoto yeyote ukimrushia mpira atakuonyesha. Sidhani kwamba wasichana wako wanaacha kwa sababu wameuchoka mpira. Ninadhani kuna jambo uwanjani au njiani ambalo kwa mtoto wa miaka 10 halina uzito, lakini kwa msichana wa miaka 14 linatosha kumbakisha nyumbani. Jezi haziwezi kuliondoa jambo hilo.

Binamu yako amesema kweli, na jimbo analoishi ni mfano mzuri kwa sababu limejaribu mambo mengi kwa muda mrefu, mengine yakafaulu na mengine yasifaulu. Australia ni shirikisho la majimbo 6, na Victoria, ambayo mji wake mkuu ni Melbourne, ni mojawapo. Serikali ya shirikisho hushughulika zaidi na wanamichezo wa kiwango cha juu, kwa mfano kupitia Taasisi ya Michezo ya Australia iliyofunguliwa Canberra mwaka 1981. Michezo ya mtaani ni shughuli ya majimbo na halmashauri. Victoria ina halmashauri 79, na hizo ndizo zinazosimamia sehemu kubwa ya viwanja, mabwawa ya kuogelea na bustani ambamo watu hutembea na kukimbia. Idara ya jimbo yenyewe haina timu wala kocha. Ina fedha, na ina uwezo wa kuweka masharti kwa anayezitaka fedha hizo. Nguvu yake karibu yote imo katika hayo masharti.

Mwanzoni haikufikiri hivyo. Mwaka 1972, chini ya waziri mkuu wa jimbo Rupert Hamer, Victoria iliunda Idara ya Vijana, Michezo na Burudani, na waziri aliyeijenga ni Brian Dixon, mtu aliyekuwa amecheza futiboli ya Kiaustralia (mchezo wao wa mpira, tofauti na kandanda) katika klabu ya Melbourne na kutwaa nayo ubingwa. Wasiwasi wa wakati ule ulikuwa kwamba watu wamekuwa watazamaji wa michezo badala ya wachezaji. Mwaka 1975 idara ikaanzisha kampeni iliyoitwa “Life. Be in it.”, ambayo kwa maana yake ni kumwambia mtu kwamba maisha yapo mbele yake, basi na ayaingie. Mhusika wake alikuwa mtu wa katuni aitwaye Norm, kazi ya mchoraji Alex Stitt: mwanamume mwenye kitambi, amejizamisha kitini mbele ya televisheni, bia mkononi, akitazama wenzake wakikimbia. Hakuna aliyemwambia Norm awe bingwa. Aliambiwa atembee, apande baiskeli, aende bustanini na watoto wake. Mwaka 1977 kampeni ikaenezwa nchi nzima, na Waaustralia wa umri fulani wanamkumbuka Norm hadi leo.

Ninaiheshimu kampeni ile, hasa kwa kuthubutu kusema kwamba kutembea jioni na familia ni jambo linalostahili kushughulikiwa na serikali. Miongozo ya sasa ya Shirika la Afya Duniani inasema jambo hilohilo kwa tarakimu: dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki kwa mtu mzima, na wastani wa dakika 60 kwa siku kwa mtoto. Hata hivyo, kumjua Norm hakukumwinua kila mtu kitini. Tangazo humfikia vizuri zaidi yule ambaye kilichobaki ni uamuzi wake tu, yaani ana viatu, ana njia salama, ana muda na ana mahali pa kwenda. Mama anayetoka kazini usiku, ambaye mtaa wake hauna taa wala njia ya waenda kwa miguu, hahitaji kukumbushwa kwamba mazoezi ni mazuri. Kwa hiyo ukiona idara yoyote, iwe ya jimbo au ya kaunti, inatumia sehemu kubwa ya fedha zake katika mabango, fulana na siku za maadhimisho, uliza ni kizuizi gani kimeondolewa.

Hatua ya pili ya Victoria ilitoka upande wa afya, na inanigusa kwa sababu inatuhusu moja kwa moja. Katika miaka ya 1980 klabu nyingi zilitegemea udhamini wa kampuni za sigara, na majina ya sigara yalikuwa kwenye mabango ya viwanja ambavyo watoto walichezea. Mwaka 1987 bunge la jimbo lilipitisha Sheria ya Tumbaku, likaongeza tozo kwenye tumbaku, na kwa fedha hizo likaunda VicHealth, mfuko wa kukuza afya, wa kwanza duniani wa aina hiyo. Kazi yake mojawapo ya mwanzo ilikuwa kuwaendea viongozi wa klabu na vyama vya michezo na kuwaambia: udhamini mnaoupata kwa kampuni ya sigara tutaulipa sisi, nanyi mtaweka ujumbe wa afya mahali pa jina la sigara. Klabu hazikuachwa zife kwa sababu ya maadili ya wengine. Zilipewa mbadala siku ileile zilipoombwa kuacha. Mwaka 1997 Mahakama Kuu ya Australia iliamua kwamba majimbo hayana mamlaka ya kutoza ada za tumbaku kwa njia ile, na tangu hapo fedha za VicHealth zikawa zinatoka katika hazina ya jimbo.

Ninapotazama jezi za vijana wetu zenye majina ya kampuni za kamari, huukumbuka mwaka huo wa 1987. Kenya tayari ina Mfuko wa Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, uliowekwa kwa kanuni za mwaka 2018 na ambao hupata fedha kutokana na kodi za kamari. Hatua ya Victoria ilikuwa kuzitumia fedha za namna hiyo kuikomboa klabu ndogo kutoka kwa mdhamini yuleyule anayetozwa, na hiyo ndiyo hatua ambayo ningependa kuiona kwetu.

Sasa niingie kwenye jambo linalowahusu wasichana wako, kwa sababu hapa ndipo idara ya Victoria ilipojifunza zaidi.

Fikiria kijumba cha matofali kando ya uwanja wa mtaa, cha aina iliyojengwa kwa wingi Melbourne na viunga vyake katika miaka ya 1960 na 1970. Ukiingia unakuta chumba cha kubadilishia nguo chenye benchi la mbao kuzunguka ukuta. Upande wa pili kuna mabomba ya kuogea yaliyopangwa mstari mmoja bila ukuta wa katikati wala pazia, na karibu yake mfereji wa bati wa kukojolea. Mlango wa nje ukifunguliwa, aliye uwanjani huona hadi ndani. Choo chenye mlango ni kimoja, na pengine hutumika kuhifadhia chaki ya mistari na nyavu. Aliyekijenga hakuwa na nia mbaya. Hakuwafikiria wasichana, basi. Timu za wasichana zilipoanza kukitumia kijumba hicho, wengi wao wakawa wanabadilisha nguo ndani ya magari ya wazazi wao au wanakuja wakiwa wamekwisha kuvaa jezi nyumbani, na aliyekuwa katika siku zake alitafuta sababu ya kutofika.

Mwaka 2015 jimbo liliunda jopo la kuchunguza hali ya wanawake na wasichana katika michezo. Kutokana na mapendekezo yake, vyama vya michezo vinavyopokea fedha za jimbo vilipewa hadi Julai 2019 kuhakikisha kwamba angalau asilimia 40 ya wajumbe wa bodi zao ni wanawake, na mwaka 2017 ikafunguliwa ofisi maalumu ya wanawake katika michezo na burudani. Mwaka huohuo wa 2017, mwezi wa Februari, ligi ya kitaifa ya wanawake ya futiboli ya Kiaustralia ilianza kwa mechi ya Carlton na Collingwood mjini Melbourne. Watu zaidi ya 24,000 waliingia, malango yakafungwa huku wengine wakiwa bado nje. Wasichana wakamiminika kwenye klabu za mitaani, na klabu hizo ndipo zilipouona ule mfereji wa bati kwa macho mapya.

Idara haikuanza kwa kuwahubiria. Ilitenga fedha ambazo halmashauri iliweza kuziomba kwa ajili ya vyumba vinavyowafaa wote: mabomba ya kuogea yenye milango, vyoo vyenye milango, mlango wa nje uliogeuzwa ili ndani kusionekane, na taa za uwanjani. Taa hizo ni jambo kubwa kuliko linavyosikika. Mazoezi ya jioni yanahitaji mwanga wa kiasi cha luksi 50 tu (luksi ni kipimo cha mwanga), lakini njia ya kutoka uwanjani hadi barabarani nayo inahitaji mwanga, na mzazi wa msichana huitazama njia hiyo kabla hajautazama uwanja.

Kisha likaja sharti ninaloliona kuwa kazi bora kuliko zote ambazo idara ile imefanya. Hata pale vyumba vilipokuwa vizuri, timu za wavulana na wanaume zilikuwa zimeshika saa nzuri na viwanja vizuri kwa mazoea ya miaka mingi; timu ya wasichana, kwa kuwa ilikuja mwisho, ilipewa uwanja wa pembeni saa mbili usiku. Tangu Julai 1, 2024, halmashauri isiyo na sera inayohakikisha ugawaji wa haki wa viwanja na saa kati ya wanaume na wanawake haistahili kuomba fedha za jimbo za ujenzi wa miundombinu ya michezo. Halmashauri inayotaka taa na nyasi mpya inalazimika kwanza kuifungua ratiba yake na kuipanga upya, jambo ambalo mabango elfu yasingeweza kulifanya.

Binamu yako huenda pia amekutajia vocha, na naomba nizieleze kwa uangalifu kwa sababu zinavutia macho ya wanasiasa. Jimbo jirani la New South Wales lilianza Januari 2018 kumpa kila mtoto wa shule vocha ya dola 100 za Australia kwa ajili ya ada ya klabu, bila kuangalia kipato cha mzazi. Victoria ilianza yake mwaka 2021, hadi dola 200, lakini kwa familia zenye kadi maalumu za serikali za watu wa kipato kidogo. Watafiti waliofuatilia mpango wa New South Wales walikuta kwamba zaidi ya nusu ya watoto waliostahili walijiandikisha katika mwaka wa kwanza, ila waliobaki nyuma ni walewale wenye shida zaidi: wa mitaa maskini, wenye ulemavu, na wale ambao lugha inayozungumzwa kwao nyumbani si Kiingereza. Kwa maneno mengine, fedha ilimfikia kwa wepesi mtoto ambaye angecheza hata bila ya fedha hiyo. Mwaka 2024 jimbo hilo likabadilisha mpango: vocha mbili za dola 50 kwa mwaka, kwa familia zinazopokea ruzuku ya watoto peke yake. Kama binamu yako ana watoto, mwambie aulize katika klabu iliyo karibu naye kuhusu msaada uliopo sasa, kwa maana familia za Waswahili, za Wakongo na za Warundi kule ni miongoni mwa zile ambazo habari huchelewa kuzifikia.

Nisikufiche kwamba fedha za viwanja ni kishawishi kikubwa kila mahali. Januari 2020 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa Australia alitoa ripoti kuhusu mpango wa shirikisho wa viwanja vya jamii wa dola milioni 100. Wataalamu wa shirika la michezo walikuwa wamezipa alama klabu zote zilizoomba, lakini ofisi ya waziri wa michezo iliendesha mchujo wake sambamba, ikielekea maeneo ya uchaguzi yaliyoonekana muhimu kwa chama tawala. Waziri huyo, Bridget McKenzie, akajiuzulu mwezi uliofuata. Somo langu hapo ni la kiutendaji: alama za waombaji zitangazwe, na orodha ya waliopata iwekwe mbele ya watu pamoja na sababu. Kaunti inaweza kufanya hivyo kwa karatasi moja iliyobandikwa kwenye ofisi ya wadi.

Nije sasa kwenye sehemu ya pili ya swali lako. Kwa upande wa mamlaka, kaunti ya Kenya inafanana na jimbo la Australia kuliko watu wanavyodhani. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti shughuli za michezo na utamaduni pamoja na vifaa na viwanja vyake, na pia bustani, fukwe na maeneo ya burudani ya kaunti. Kwa hiyo unapoidai kaunti uwanja huombi fadhila, unakumbushia wajibu.

Lakini lipo jambo linaloweza kuwa ndilo linalokukwamisha bila wewe kujua. Unacheza katika uwanja wa shule ya msingi, na shule za msingi ni za serikali ya kitaifa. Kaunti ina elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Afisa wa kaunti atasita kuweka fedha katika ardhi isiyo chini yake, na jezi, kwa kuwa hazina ardhi, ndizo rahisi kwake kutoa. Victoria ilikutana na ugumu wa namna hiyo, kwani shule ni za jimbo na klabu zipo chini ya halmashauri. Dawa yake ilikuwa makubaliano ya maandishi: shule hutumia uwanja saa za masomo, jamii hutumia jioni na mwisho wa wiki, na inaandikwa wazi nani anakata nyasi, nani ana ufunguo na nani analipa kikivunjika kitu. Kwa hiyo kwanza, anza na mwalimu mkuu na bodi ya usimamizi ya shule. Ukipata karatasi ya ukurasa mmoja iliyotiwa saini, afisa wa kaunti atakuwa na mahali pa kushika.

Pili, isajili klabu yako. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 ina Msajili wa Michezo na inatambua klabu, vyama vya kaunti na mashirika ya kitaifa. Timu isiyosajiliwa inaweza kupewa mpira, lakini ni vigumu kutia saini makubaliano nayo au kuiingiza katika bajeti.

Tatu, fika kabla fedha hazijagawanywa. Wengi wetu hupeleka malalamiko mwezi wa Julai, bajeti ikiwa imekwisha kupitishwa. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha kabla ya Februari 28, na makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30. Vikao vya kuwasikiliza wananchi hufanyika kuelekea tarehe hizo. Vihudhurie, ukiwa na wazazi wawili watatu na wasichana wenyewe kama wako tayari kusema. Ukitaka kujua kiasi kilichotumika mwaka jana kwa jezi na kombe, Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inakupa haki ya kuuliza kwa maandishi, na afisa anapaswa kukujibu ndani ya siku 21.

Kabla ya kikao, nakuomba ufanye kazi moja ambayo hakuna mtaalamu anayeweza kukufanyia. Wafuate wale wasichana walioacha, mmoja mmoja, wakiwa na mama zao au dada zao, uwaulize ni siku gani hasa waliacha kuja na nini kilitokea siku ile. Usiwape majibu ya kuchagua. Huenda mmoja atakuambia kuhusu kaptura na hijabu, mwingine kuhusu wavulana wanaokaa ukutani, mwingine kuhusu choo cha shule kinachofungwa saa kumi, mwingine kuhusu maji ya kuteka jioni. Majibu hayo ndiyo yatakayokuwa ombi lako. Kubadilisha ratiba huenda kusigharimu kitu. Ufunguo wa choo unagharimu mazungumzo na mwalimu mkuu. Bomba la maji, mlango na taa mbili vinaandikika katika mpango wa kaunti kama mradi mdogo wa wadi, na mwakilishi wadi anaweza kuutetea kwa sababu anaweza kuuonyesha kwa macho.

Katika ombi hilo omba pia sharti moja lisilo na bei: kwamba uwanja wowote utakaokarabatiwa kwa fedha za kaunti uwe na saa zilizoandikwa kwa ajili ya timu za wasichana, saa za mapema, kabla jua halijazama. Liandike juu kabisa, kabla ya bomba na kabla ya taa.